Gari inazunguka lakini haiwaki: acheni kwanza kusukuma

Juzi asubuhi pale Nyawera nimeona kitu yenye karibu kila mutu wa Bukavu amekwisha kuona. RAV4 imepakiwa kando ya barabara, papa mwenye gari yuko ndani amekamata funguo jasho inamutoka, vijana wane wako nyuma, na mama moja mwenye beseni ya ndizi ku kichwa amesimama kutoa mashauri. Kila papa akigeuza funguo gari inalia vizuri kabisa, kru-kru-kru-kru, nguvu iko, taa ziko, lakini kuwaka hapana. Mumoja anasema ni batri. Wa pili anasema demareri imekufa. Wa tatu, ule mwenye sauti kubwa (hakosekanaka), anasema "geuzeni iangalie chini, tusukume, itawaka tu". Wakageuza, wakasukuma, ikashuka mita mia hivi, ikakatala. Na ile gari ni bwati ya vitesi otomatiki.

Tuanze na maneno, juu fujo yote inatokea ku maneno. Kwetu mutu anasema "gari haiwaki" na amemaliza, fundi anakuja na funguo namba 10 anaanza kufungua. Lakini ile neno moja inabeba magonjwa mbili tofauti. Ya kwanza, unageuza funguo na gari inanyamaza, ao inatoa sauti moja tu, tak, ao tak-tak-tak sawa mutu anayegonga mulango na kidole. Pale motere haizunguki. Ya pili njo ya leo: motere inazunguka, unaisikia, gari yote inatetemeka kidogo, lakini haishiki, ukiachia funguo inanyamaza. Kwa hiyo mutu akikupigia simu kwamba gari imemugomea, swali ya kwanza ni hiyo tu, inazunguka ao haizunguki? Ukipata jibu umeshafuta nusu ya vitu vyenye watu walitaka akanunue.

Demareri ni motere ndogo ya umeme yenye iko pembeni ya motere kubwa. Ukigeuza funguo mpaka mwisho inatoa jino, inauma meno ya ile gurudumu ya chuma ya motere, inaizungusha na nguvu ya batri, kama mara 200 kwa dakika hivi. Motere ikishika inapanda yenyewe mpaka 700 ao 800 ikiwa imetulia, na demareri inaachia. Kazi yake imeishia pale. Sasa kama unasikia motere inazunguka kwa mwendo wake wa kila siku, demareri imefanya yake na batri imelipa yake. Kubadilisha demareri yenye inazunguka ni kufukuza mupishi juu makala zimelowana.

Fikiria mama anawasha mbabula asubuhi. Anahitaji makala, anahitaji kaa moja yenye moto, anahitaji hewa, na mukono wake unapepea na mufuniko wa sufuria. Mukono njo demareri. Anaweza kupepea mpaka saa sita, kama makala ni maji tupu ao kaa imezima, mukono hauna kosa. Na hata ukimuletea vijana wane wenye mikono ya nguvu wamusaidie kupepea, bado hamutakunywa chai. Ile njo kusukuma. Kusukuma kunachukua nafasi ya demareri, hakuna kazi ingine. Kunasaidia gari yenye haizunguki, na tena iwe ya vitesi vya mukono, juu pale magurudumu yanazungusha motere kupitia bwati. Mujini kwetu kuna milima kila kona, kwa hiyo sisi wote tumezaliwa madaktari wa kusukuma, na magari ya zamani yalituzoeza vibaya. Bwati otomatiki inashikwa na presha ya mafuta, na ile presha inatoka ku pompi yenye inazungushwa na motere. Motere ikiwa imekufa, presha hakuna, magurudumu hayashikani na kitu. Unaweza kuisukuma mpaka Uvira. Na gari yenye inazunguka bila kuwaka, ukiendelea kuilazimisha, esansi yenye haijaungua inaingia mu shamo (bomba ya moshi), inaweza kuharibu katalizeri yenye inasafisha moshi, yaani unaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Batri niiongelee kidogo juu mimi mwenyewe ilinikula pesa. Batri nzima ikipumzika inaonyesha volti 12.6 hivi. Wakati demareri inazungusha inashuka, na hiyo ni kawaida, lakini ikishuka chini ya 9.6 hivi hapo kuna shida, juu kompyuta ya gari na bobini (zenye zinatengeneza cheche) zinakula ku ile ile sahani, na demareri njo mulafi wa nyumba. Ndiyo maana gari inaweza kuzunguka polepole, kruuu... kruuu..., na isiwake. Sasa sikia tofauti: polepole na kwa uchovu, pima batri, safisha vichwa vyake, angalia kable ya masi, ile yenye inaunga batri na chuma ya gari. Kwa mwendo wa kawaida, achana nayo. Carina yangu ilikuwa inazunguka sawa kila siku, nikaambiwa batri, nikanunua batri mpya, ikazunguka tena kwa nguvu zaidi, na haikuwaka. Ilikuwa nini? Nilipakia ku parsele moja kule Nguba, nchi imelala upande, na mu tanki kulikuwa esansi kidogo sana, yote ikakimbilia kona yenye pompi haipo. Tumeisogeza mahali pa sawa, ikawaka. Ile batri mpya bado ninayo, kila nikiiangalia naona kama inanicheka.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, angalia mushale wa esansi. Najua inaonekana kama matusi. Lakini kuna watu wanakaa quartier Essence kabisa na tanki iko kavu, tena ile mushale inakuwaka na uongo wake, gari zimetoka Japani na miaka kumi na tano, mushale unaganda ku robo na haushuki tena. Tia litri tano, pakia mahali pa sawa, jaribu. Na usikamate funguo dakika nzima. Sekunde kumi, kisha pumzisha dakika moja, juu demareri inakula umeme mingi sana na inapata moto haraka, haikutengenezwa ya kufanya kazi ya musururu.

Tukishamaliza hayo tunarudi ku mbabula: makala, kaa, hewa. Kwa gari ya esansi ni esansi, cheche ya buji, na hewa yenye imeshindiliwa. Na yote tatu ije kwa wakati wake. Fundi muzuri ni ule mwenye anatafuta kwanza ni gani inakosa, si ule mwenye anakuja na jibu mu mufuko.

Esansi njo inakosaka mara nyingi, kwa vile nimeona. Mu tanki kuna pompi ndogo ya umeme, inasukuma esansi mpaka mbele na presha ya bari tatu hivi kwa gari nyingi za kawaida. Tafuta mahali pa kimya, mutu mumoja afungue kontakti bila kuzungusha, mwingine atie sikio karibu na kiti ya nyuma ao mulango wa tanki. Gari nyingi utasikia zzzzz ya sekunde mbili, kisha inanyamaza. Ukiisikia, ni dalili nzuri (dalili tu, pompi inaweza kulia na isisukume kitu). Usipoisikia usikimbilie kuhukumu, juu Toyota nyingi za zamani pompi inalia tu wakati demareri inazunguka. Kuna mutihani wa kienyeji wenye naupenda: mutu azungushe funguo, mwingine apige chini ya tanki na ngumi, si nyundo, ngumi. Ikiwaka, pompi imezeeka, kaboni zake zimekwisha, imeamka juu umeipiga. Itakubali mara moja, mbili, halafu siku moja itakuacha njiani usiku, kwa hiyo usiseme umeitengeneza.

Kama pompi iko kimya kabisa, usiinunue kwanza. Iko na fizibu na iko na rele, ile sanduku ndogo nyeusi mu bwati ya fizibu. Mara nyingi rele ya pompi inafanana kabisa na ya honi ao ya taa, namba zile zile, unaweza kubadilishana na ingine kwa dakika moja. Ikiwaka, umepata ugonjwa kwa bei ya bia.

Halafu kuna esansi yenyewe. Sisemi vibaya kadafi wetu, wauzaji wa esansi ya barabarani, siku musururu inafika barabarani wao njo wanatuokoa, lakini esansi ya mu bidoni haina cheti. Maji ni mazito kuliko esansi, inakaa chini, na pompi inafyonza chini, kwa hiyo litri moja ya maji mu tanki ya litri arobaini inatosha kukusimamisha. Chukua chupa ya plastiki yenye kuonekana ndani, tia ile esansi, iache robo saa bila kuigusa. Ukiona musitari, chini kitu kingine juu kitu kingine, umepata jibu. Petroli ya taa yenye imechanganywa haitenganishiki hivyo, ile utaisikia ku harufu na ku moshi, na buji zitakuwa nyeusi.

Na hapa niseme moja kwa ukali kidogo. Kuna mafundi wanamiminaka esansi na kifuniko cha chupa ku mulango wa hewa ili waone kama gari itashika. Akili yake ni ya kweli, ikishika sekunde moja na kuzima maana yake cheche iko na esansi njo haifiki. Lakini moto unaweza kurudi nyuma usoni. Namujua mutu mwenye alipoteza nyusi zote mbili, na alikuwa na bahati.

Ku cheche sasa. Toa buji moja uiangalie, itakuambia mengi kuliko kelele ya barabarani. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuzungusha sana, esansi haifiki, rudi ku pompi. Ikiwa imelowana na inanuka esansi, basi esansi inafika na cheche njo haipo ao ni zaifu, ao motere imezama, imekunywa kuliko. Motere yenye imezama haihitaji kununuliwa kitu: kanyaga akselerateri mpaka chini kabisa, ishikilie pale, zungusha sekunde kumi. Gari nyingi za enjeksiyo kompyuta ikiona hivyo inafunga esansi na kuacha hewa tu ipite, motere inajikausha. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakanyaga-kanyaga sawa wanapiga ngoma. Ile ilikuwa ya magari ya karbirateri.

Cheche ikikosa ku buji zote mara moja, usilaumu buji. Buji nne hazifi usiku moja, sawa vile wazee wane wa jirani hawafi usiku moja, ikitokea hivyo tafuta sababu moja juu yao. Na sababu yenyewe mara nyingi ni kapteri ya motere, kitu kidogo sana kyenye kinakaa karibu na krankishafti (ile chuma yenye pistoni zinazungusha) na kuambia kompyuta "pistoni iko hapa, sasa iko hapa". Wavuvi wetu wa sambaza mu ziwa wanapiga kasia na wimbo, kuna mwenye anaanzisha. Ule akinyamaza, kila mutu amekamata kasia na hakuna mwenye anajua apige saa ngapi. Kapteri ikinyamaza kompyuta haitoi cheche, na gari nyingi haitoi hata esansi. Alama zake mbili: gari inakataa ikiwa na moto na inakubali ikipoa nusu saa, na wakati unazungusha mushale wa tours (mizunguko ya motere) ku tabulo umelala kabisa ku sifuri, hautikisiki hata kidogo. Si gari zote zinaonyesha hiyo ya mushale, lakini ukiiona anzia pale.

Hewa nitapita haraka. Filtri chafu ya vumbi ya mwezi wa saba inafanya gari inywe na ikose nguvu, ni mara chache sana iikataze kuwaka. Na ile ya kusema "hapa Bukavu tuko juu sana, hewa ni nyepesi" ni kweli kwamba tuko ku mita 1,500 hivi na hewa imepungua kama asilimia 15 kuliko ku bahari, lakini gari yako imelala hapa na imeamka hapa miaka yote, haikuhama jana.

Lakini kushindilia hewa ni neno ingine, na hapo njo penye kuogopa. Sikiliza wamama wawili wanatwanga sombe mu kinu moja: huyu anashuka, ule anapanda, tu-tu, tu-tu, hakuna anayeangalia. Mumoja akikosa mupigo, michi inagongana. Mu motere pistoni na supapi (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) zinapokezana vile vile, na kyenye kinashikilia ule mupigo ni mukanda wa distribisiyo ao cheni. Mukanda ukikatika, demareri bado inazungusha, tena inazungusha kwa raha, haraka kuliko kawaida, sauti inakuwa moja tu, wiiiiii, bila ile kru-kru, juu supapi hazifuatane na pistoni tena, hakuna hewa ya kushindilia, hakuna uzito. Ukisikia hivyo, acha. Usizungushe mara ingine hata moja. Ku motere nyingi pistoni itagonga supapi na kuzipinda, na mukanda wa bei ndogo unageuka kufungua kichwa ya motere. Na hapa kusukuma si bure tena, ni hatari. Mikanda mingi inabadilishwa ku kilomita 100,000 hivi. Land Cruiser za motere 1HZ zinawasha hata taa ya T-BELT ku tabulo kukukumbusha, na wenyewe wanaitoa globu juu inawasumbua macho.

Wenye mazutu (dizeli), kwenu hakuna cheche. Mazutu inawaka juu hewa imeshindiliwa mpaka imepata moto wa digri zaidi ya 500. Kama hauamini shika chini ya pompi ya mukono ya kwado, fundi wa magurudumu, baada ya kujaza gurudumu, utatoa mukono. Kwa hiyo ku mazutu magonjwa ni mengine: buji za kupasha moto zimekufa (gari inasumbua asubuhi ya baridi, saa sita inakubali), ao hewa imeingia mu mipira ya mazutu. Hiyo ya hewa inapendaka kutokea siku mutu amebadilisha filtri ao tanki imekauka, na dawa yake ni kupampu na kile kipampu cha mukono juu ya filtri mpaka kiwe kigumu, unalegeza nati, unatoa mapovu. Motere za pompi ya zamani ziko pia na valvu ya umeme yenye inafunga mazutu wakati unazima. Waya wake ukitoka, utazungusha mpaka kesho. Ni waya moja. Iangalie kwanza.

Najua mwenye kusema "peleka ku skaneri tu". Skaneri ni nzuri, lakini kode si hukumu, ni malalamiko. Ikiandika P0335 inasema mawasiliano ya kapteri ya krankishafti hayako sawa, haisemi kapteri imekufa, inaweza kuwa waya yenye panya amekula ao fiche yenye imeingia maji. Na pompi yenye imechoka haitoi kode mara nyingi. Kuna mafundi wanasoma kode na kununua kila jina yenye imeonekana, na wewe njo unalipa masomo.

Sasa RAV4 ya Nyawera. Nilikuwa nimemaliza chai, nikavuka, nikamusalimia papa, nikamuomba nichungulie tabulo. Esansi ilikuwa nusu. Mushale wa tours ulikuwa unatikisika akizungusha. Na kulikuwa taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari na funguo, inapepesa, inapepesa, na haikuacha hata kontakti ikiwa imefunguka. Nikamuuliza, papa, hii funguo ni yenyewe ya gari? Akaiangalia. Gari ililala pale kwa ndugu yake juu ya mvua, funguo ya kwanza iko nyumbani Panzi kwa mama watoto, na hii ni ya kopi, wameikata jana ku soko kwa haraka. Imefungua mulango vizuri kabisa na imezungusha demareri. Lakini mu kichwa cha funguo ya kweli kunakuwa chipu, chuma peke yake haitoshi, gari isipoiona inakuruhusu kuzungusha unavyotaka na inafunga esansi na cheche. Akaanza kuuliza wapi atapata pile (batri ndogo) ya kutia ndani, nikamuambia ile chipu haitumiki na pile, pile ni ya kufungua mulango kwa mbali tu.

Kijana wa pikipiki akatumwa Panzi. Alirudi baada ya nusu saa na ile funguo ya zamani yenye imefungwa na kamba ya kiatu, papa akaitia, akageuza mara moja tu, ikawaka kabla hata hajakaa vizuri ku kiti. Vijana wane hawakuwa wameondoka. Walikuwa wanangoja pesa ya kusukuma.